Saa Mbili ya Editruda

Mkono wa kuoshea wa mashine ya kupimia ulikwama siku ya Ijumaa saa kumi jioni, na balaa lote lilianzia hapo. Gaudensia Mponda aliuchokonoa kwa bisibisi, akaupiga konzi mbili tatu, akautukana kwa Kipogoro. Mkono haukusogea. Ndani ya mashine, kwenye baridi ya nyuzi nne, mlikuwa na sinia lenye sampuli za wagonjwa ishirini na wanne, limekwisha kuwekewa kingamwili na linangoja kuoshwa. Fundi alisema kwa simu kwamba hatafika mpaka Jumamosi asubuhi. Gaudensia akafunga mlango wa maabara akaenda zake nyumbani. Kwa kawaida sinia lililopitisha muda wake humwagwa, na yeye alijua kesho atalimwaga.

Hakulimwaga. Asubuhi, mkono ulipotengenezwa, alishikwa na ule uchoyo wa watu wa maabara ambao hata ganda la kalamu hawalitupi. Kingamwili yenyewe ilikuwa haba, chupa moja waliitumia kwa kuidonoa. Akaosha sinia, akaweka rangi, akamulika aone angalau inakuwaje.

Pembeni mwa kila sinia hukaa sampuli tatu za watu waliokwisha kuthibitishwa kuwa hawana kile kinachotafutwa. Kazi yao ni kubaki giza, ili anayepima awe na kitu cha kulinganishia. Asubuhi ile zote tatu ziling'aa kijani.

"Uchafu," alijiambia, na akataka sana iwe uchafu.

Katika bonde la Kilombero la miaka hiyo, jua lilikuwa limekwisha kuwakataza watu kukata miwa mchana. Serikali ilitoa amri kazi ifanyike kabla ya mapambazuko, lakini amri ilifika wakati figo za wakataji wengi zilikuwa zimekwisha kukauka kwa joto. Dawa iliyoitwa Amsha iliweza kuotesha figo upya, kwa sharti moja. Chembe za figo lazima ziwe na protini fulani juu ya ngozi zake, kipokezi, cha kuidaka dawa na kupeleka habari ndani. Wataalamu walikipa kipokezi hicho jina la herufi tano na tarakimu mbili. Bondeni walikiita sikio, basi. Chembe yenye sikio husikia dawa ikaamka. Isiyo nalo haisikii, na dawa ikikosa wa kuisikia kwenye figo hukimbilia ini, na ini likiamshwa ovyo humaliza mtu kwa wiki tatu.

Kwa hiyo hakuna aliyepewa Amsha bila kupimwa kwanza. Sindano ndefu ilichomwa ubavuni, ikatoa chembe chache za figo, chembe zikaletwa maabara. Hapo ndipo kingamwili ilipofanya kazi yake. Ilitengenezwa kwa damu ya sungura, nayo ilishika sikio hilo tu na si kitu kingine chochote. Kingamwili ya pili, yenye rangi, iliishika ile ya kwanza. Ukimulika, penye sikio panang'aa kijani. Karatasi ya majibu ilikuwa na maneno mawili, moja linawekewa alama: ANALO au HANA.

Waswahili hawakukosa methali ya kubandika hapo. Aliyeandikiwa HANA aliambiwa mtaani, kwa huruma au kwa kejeli kutegemea mdomo, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Evaristi, mume wa Wensila, dada mkubwa wa Gaudensia, aliandikiwa HANA miaka miwili iliyopita. Gaudensia mwenyewe ndiye aliyempima, na karatasi aliipeleka kwa mkono wake ili shemeji yake asiipokee kwa mgeni. Walimzika Machi ya mwaka uliofuata.

*

Jumamosi ile hakurudi nyumbani mchana. Aligawa sampuli za akiba kutoka friza katika masinia mawili, watu walewale thelathini huku na huku, wote wameandikiwa HANA. La kwanza aliliacha na kingamwili kwa saa mbili, kama mashine ilivyofanya siku zote. La pili akaliacha mpaka Jumapili asubuhi. Kwenye yote mawili aliongeza chembe za maabara zilizong'olewa urithi wa sikio kabisa, ambazo haziwezi kung'aa hata zikilowekwa mwaka mzima. Kwenye sinia la pili kishimo kimoja kilibaki kitupu. Alisimama mbele yake na pipeti mkononi, kisha akarudi kwenye friza akatoa sampuli ya Evaristi.

Sinia la saa mbili lilikuwa giza tupu. Kwenye sinia la kulala, zile chembe zilizong'olewa sikio zilibaki giza kama inavyotakiwa, kwa hiyo uchafu haukuwapo. Sampuli za wagonjwa kumi na tisa kati ya thelathini ziling'aa. Kishimo cha mwisho nacho kiling'aa, kijani hafifu lakini cha kuonekana bila kubishana.

Gaudensia alikaa chini sakafuni. Alitamani mno mkono ule usingekwama.

Baadaye aliinuka akaenda kabatini kutoa kauntabuku la zamani, lenye jalada la kijani na doa la chai. Kabla ya mashine, kazi yote ilifanywa kwa mikono na Bi Editruda Kalinjuma, aliyestaafu miaka minne nyuma. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na wa bahili: *Weka kingamwili. Baridi. Saa mbili. Osha mara tatu.* Mashine ilipofika, ilifundishwa kazi kwa kusomewa. Gaudensia alikumbuka vizuri siku ile. Alivaa gauni jipya kwa ajili ya wageni kutoka wizarani, akasimama mbele ya mashine na daftari hilo, akasoma kwa sauti ya kwaya. Mashine, iliyojua Kiswahili kuliko wageni wote waliokuwamo chumbani, ikauliza, "Kingamwili ikae saa mbili?" Akajibu, "Ndiyo, saa mbili." Wageni wakapiga makofi, na mkuu wa maabara pamoja nao.

*

Bi Editruda alikaa nyuma ya kanisa, hatua mia tatu kutoka maabara. Gaudensia alimkuta uani akifua vitambaa vya altare na kuvianika kimoja kimoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Ile mashine yenu inakula na chakula chako?"

"Nina swali moja tu, mama. Ulipokuwa unapima, kingamwili ulikuwa unaiacha kwa muda gani?"

"Si nimeandika? Saa mbili." Bi Editruda alikung'uta kitambaa. "Nilikuwa naiweka saa kumi na moja jioni, naingiza kwenye friji, naenda zangu kupika. Nikirudi saa mbili, naosha."

"Saa mbili asubuhi."

"Sasa wewe ulitaka nirudi kuosha saa mbili usiku? Nilikuwa nimeolewa na maabara?" Alicheka peke yake, kisha akamtazama mgeni wake usoni na kicheko kikakatika. "Ninyi mnaacha muda gani?"

"Saa mbili."

"Saa mbili ipi?"

"Za kuhesabu, mama. Moja, mbili. Tunaosha."

Bi Editruda aliweka kitambaa begani na kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kitambaa kilimlowesha blauzi, hakukiondoa.

"Figo iliyochoka inabaki na masikio machache," alisema polepole. "Machache yanataka muda. Na kwenye baridi kingamwili inakwenda mwendo wa kinyonga. Mwenye masikio mengi utamwona hata kwa saa moja. Mgonjwa hasa, yule mwenye shida, huyo lazima alale."

"Hilo halimo kwenye daftari."

"Lilikuwa kichwani kwangu!"

"Kwa nini hukuandika asubuhi, mama? Neno moja."

"Nilikuwa najiandikia mwenyewe. Nani anajiandikia asubuhi, na kazini nakuja asubuhi?" Akanyoosha kidole kuelekea maabara. "Na wewe kwa nini hukuniuliza? Miaka minne nakuona ukipita hapo na mkoba wako. Shikamoo mama, marahaba, umepita."

Gaudensia hakuwa ameuliza kwa sababu alidhani anajua, na kwa sababu siku ile alitaka wageni wamwone msichana asiyehitaji kuuliza.

"Ni wangapi?" Bi Editruda aliuliza.

"Walioandikiwa HANA ni mia mbili na kumi na wawili. Sijui wangapi wamo kwa makosa. Walio hai ni themanini na watatu."

Mama yule alijifunika uso kwa kitambaa cha altare, na Gaudensia akamwacha hapo.

*

Dokta Chande, mkuu wa maabara, alisikiliza Jumatatu bila kumkatiza. Akayatazama masinia mwenyewe. Akayatazama tena.

"Unaijua sheria," alisema mwishowe. "Maabara ikikiri kosa la kipimo, inafungwa na kutiwa lakiri siku tisini mpaka uchunguzi uishe. Tuna watu thelathini na tisa kwenye foleni. Wengine hawana hizo siku tisini."

"Naijua, Dokta."

"Basi sikiliza. Leo hii tunabadilisha muda, sampuli zilale. Hao thelathini na tisa watapata majibu ya haki. Wale themanini na watatu tunawapigia simu, tunawaambia kipimo kimeboreshwa, waje wachomwe upya, maana sampuli za friza zimezeeka na sheria haizikubali. Kila mtu anapona. Hakuna uongo hapo. Kimeboreshwa kweli."

"Na waliokufa?"

Dokta Chande alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na Gaudensia alijua kwamba usiku ule hatalala. "Waliokufa tutawapa nini, Gaudensia?"

Alikubali. Alikubali upesi, na tuseme ukweli, moyo wake ulimwagikiwa na nafuu kama mtu aliyepewa maji. Alikuwa akimfikiria Wensila. Mpango wa Dokta ulikuwa mzuri kwa wagonjwa, lakini uzuri wake mkubwa kuliko wote ulikuwa kwamba Wensila asingejua kamwe.

Siku tatu alipiga simu. Alisema kipimo kimeboreshwa mpaka maneno yakapoteza ladha mdomoni. Baadhi walishukuru wakasema watafikiri. Mmoja alikata. Mzee mmoja alimjibu kwamba ana mganga wake Mahenge na mganga hatumii sindano. Kufika Alhamisi asubuhi, kati ya watu themanini na watatu, waliokubali kuja walikuwa tisa.

Aliyemfungua macho ni Bibi Theodosia Ligunda, mkataji mstaafu aliyekaa ng'ambo ya mto.

"Mwanangu, nikuulize," alisema Bibi Theodosia kwa sauti kavu. "Lile jibu mlilonipa lilikuwa sahihi?"

Gaudensia alisita. "Kipimo cha sasa ni bora zaidi, bibi."

"Sikuuliza hilo. Kama jibu lilikuwa sahihi, basi sina sikio, na huo ubora haunihusu. Nimeshawaita watoto nikawaambia. Wamelia, wamemaliza. Shamba nimegawa. Sasa unataka nikawaamshie matumaini tena, nichomwe ubavu tena, halafu mniambie yaleyale? Mlishasema langu ni sikio la kufa. Liacheni life."

Simu ikakatwa.

Gaudensia aliikodolea macho orodha. Bibi alikuwa na haki kabisa. Ni mjinga tu angerudi kupimwa kitu alichohakikishiwa hana. Neno moja pekee lingewatoa watu wale majumbani, na ndilo neno ambalo yeye na Dokta walikubaliana wasiliseme.

Akaenda ofisini. "Dokta, maneno yetu hayafanyi kazi. Wanataka kujua kama tulikosea."

"Ukisema tulikosea, jioni hii tuna lakiri mlangoni. Utawaua wa foleni ili uwaponye wale."

"Wa foleni wanajua kuna kitu wanasubiri. Wale sabini na wanne hawajui. Wamelala wanangoja kufa, na dawa ipo, na sikio wanalo."

"Si wote."

"Si wote. Lakini hatujui nani, na wao hawaji."

Dokta Chande aliinuka, akavaa glavu, akaanza mwenyewe kupanga sampuli thelathini na tisa kwenye sanduku la barafu. "Zitakwenda maabara ya Dodoma, na wale wakija watapimwa hukohuko. Foleni yao ni wiki sita." Aliinua chupa moja akasoma jina. "Kuna mmoja hapa, kijana wa Ruaha, sidhani kama anazo wiki sita."

"Najua, Dokta. Nimemwona."

"Basi usisahau kwamba umemwona." Akafunga sanduku. "Barua nitaiandika saa tisa. Nitaweka sahihi yangu juu ya yako."

"Andika kwamba mimi ndiye niliyesoma."

"Na mimi ndiye niliyepiga makofi," alisema Dokta Chande. "Kwanza nenda kwa dada yako. Barua ya namna hii husomwa redioni."

*

Wensila alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga karibu na soko, chini ya paa la bati. Mchana ule mashine ilikuwa ikinguruma, vumbi la pumba limemjaa kwenye nyusi, wateja wanne wamekaa juu ya magunia yao nje wakingoja zamu. Alimwona mdogo wake akamwashiria kwa kichwa akae.

Gaudensia hakukaa. "Dada, zima mashine."

"Nini?"

"Zima mashine!"

Wensila alizima. Alimtazama, akajua ni msiba, ila hakujua wa nani. "Ni mama?"

"Mama mzima. Ni Evaristi."

"Evaristi amekufa, Gaude. Afe mara ngapi?"

Basi akamwambia. Alimwambia kwa mfuatano, kama anavyoandika taarifa, kwa sababu hakujua njia nyingine: mkono uliokwama, masinia mawili, daftari, saa mbili ya Editruda na saa mbili yake yeye. Alisema Evaristi alikuwa na masikio, machache lakini yalikuwapo, na kwamba angeisikia dawa. Alisema, "Ni mimi niliyesoma, dada. Na ni mimi niliyewaletea ile karatasi."

Wensila hakulia wala hakupiga kelele. Alichukua ungo uliokuwa mezani, akaurudisha.

"Alikuwa akiniomba msamaha," alisema.

"Nani?"

"Mume wangu. Kila jioni, baada ya ile karatasi yako. Anakaa pale kitandani, anasema nisamehe mama Agripina, mwili wangu ni mkaidi, dawa ipo na mimi sisikii. Anaona haya, Gaude. Kama mtu aliyefanya uzembe. Na mimi namwambia nimekusamehe." Alipangusa vumbi la pumba kwenye nyusi. "Nilimsamehe kweli. Kwa moyo. Nilimsamehe kosa gani?"

Gaudensia alilia yeye. Alitaka kumshika dada yake mkono, lakini Wensila aliuondoa mkono bila hasira, kama anavyoondoa kitu kilicho karibu na mkanda wa mashine.

"Wenzake walio hai umeshawaambia?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Mimi wangu yuko kaburini, atakimbilia wapi? Nenda ukawapigie wale." Akageuka kushika swichi. "Na kwangu usije mpaka nikuite."

Mashine ikanguruma tena. Gaudensia alitoka nje akasimama pembeni ya lundo la pumba. Alitoa simu akatafuta namba ya ng'ambo ya mto. Iliita sana kabla haijapokelewa.

"Bibi Theodosia, ni mimi wa maabara. Uliniuliza jibu letu lilikuwa sahihi. Halikuwa sahihi. Tulikosea."

"Sema kwa sauti, kuna makelele huko."

"Tulikosea, bibi!"

"Nani kakosea?"

Wateja waliokuwa juu ya magunia walimgeukia. Aliziba sikio moja kwa kiganja akapaza sauti kwa nguvu zake zote. "Sisi! Mimi! Mimi ndiye niliyekosea, bibi, na huenda sikio unalo, huenda siku zote ulikuwa nalo..."

Katikati ya sentensi mngurumo ulikatika. Sauti yake ikabaki peke yake uani, kubwa kupita kiasi, na kila mtu akamsikia. Alitazama mlangoni. Wensila hakuwa ametoka. Alikuwa amesimama ndani, mgongo wake huku, mkono wake bado uko juu ya swichi, ameizima mashine na anangoja.

"Sasa nakusikia," alisema Bibi Theodosia kwenye simu. "Endelea."